Nani Ametegua Saa Saba Mchana?

Alamu ya nyumbani inaweza kushindwa kazi bila mwizi kugusa waya hata mmoja. Inatosha namba ya siri iwe moja, na iwe inajulikana na baba, mama, watoto, dada wa kazi, mlinzi wa getini na fundi aliyekuja mwaka juzi kurekebisha dishi. Vihisi ni vizima, king'ora kinalia, betri imejaa. Siku kitu kikipotea chumbani, mwenye nyumba anafungua kumbukumbu ya matukio na kuona kwamba aliyetegua saa saba mchana ni mtumiaji namba 40. Na namba 40 ni nani? Ni nyumba nzima.

Wa kulaumiwa hapo si mashine. Tuichukue paneli moja tuone waliounda walivyolitatua jambo hili: PowerSeries ya DSC, kampuni ya Canada iliyoanza mwaka 1979, kwenye matoleo ya PC1616, PC1832 na PC1864. Si paneli mpya, na warithi wake wapo sokoni, lakini mpangilio wake wa watumiaji umefikiriwa vizuri kuliko nyumba nyingi zinavyoutumia.

Tuanze na kutega, maana hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ukiandika namba yako kwenye kibao cha vitufe, paneli inahesabu muda wa kutoka, ambao kiwandani umewekwa sekunde 120. Katika muda huo inautazama mlango uliopangwa kuwa wa kuingilia na kutokea. Mlango ukifunguliwa, inaelewa kwamba mmetoka, kwa hiyo vihisi vya mwendo vya ndani navyo vinaanza kazi. Usipofunguliwa, inaamua kwamba mmebaki ndani na mnakwenda kulala, hivyo inalinda milango na madirisha tu na kuviacha vihisi vya ndani, mtu aweze kwenda kunywa maji usiku bila kuamsha mtaa. Ni akili nzuri, ila ina mtego. Anayetega kisha akatokea mlango wa jikoni, ambao fundi hakuupanga kuwa wa kutokea, anaiacha nyumba tupu huku paneli ikiamini kuna watu wamelala. Mwizi akivunja kioo na kupita bila kufungua dirisha lenye kihisi, atatembea sebuleni kwa raha zake. Dawa ni mbili: kutokea mlango uliopangwa, au kubonyeza kitufe cha Away badala ya kuiachia paneli ikisie.

Sasa watumiaji. PC1616 ina nafasi 48 za namba za siri, PC1832 ina 72, na PC1864 inafika 95. Hakuna familia yenye watu 95, na nadhani huo ndio ujumbe: nafasi zipo, usibane. Nafasi ya 40 ndiyo namba kuu, ya mwenye nyumba. Kuongeza mtu ni kubonyeza nyota, kisha 5, kisha namba kuu, halafu tarakimu mbili za nafasi unayotaka kumpa, na mwisho namba yake mpya. Kumwondoa ni njia hiyo hiyo, ila mahali pa namba mpya unabonyeza nyota. Ni kazi ya dakika moja. Dada wa kazi akiondoka Jumamosi, namba yake inaondoka Jumamosi hiyo hiyo, na hakuna mwingine anayelazimika kukariri namba nyingine. Kwenye nyumba ya namba moja, kumwondoa mtu mmoja ni kuwafundisha upya wote, ndiyo maana watu huahirisha hadi wanasahau.

Paneli inakumbuka nafasi, haikumbuki sura. Itaandika kwamba nafasi ya 07 imetegua. Kwamba 07 ni shemeji, hilo ni lako kuandika kwenye daftari na kulifungia kabatini. Daftari libebe majina na nafasi tu, namba zenyewe zibaki vichwani mwa wenyewe.

Juu ya namba, kila nafasi inaweza kupewa sifa zake, na hapa ndipo ninapowavulia kofia waliounda. Kuna sifa ya msimamizi, inayomruhusu mtu kuongeza wengine lakini bila kuwapa mamlaka yanayozidi yake. Kuna ruhusa ya kuruka zoni, yaani kutega huku dirisha fulani likiachwa wazi. Hii usiigawe ovyo, kwa sababu zoni iliyorukwa ni tundu ukutani. Ninayoipenda zaidi ni namba inayoweza kutega mara nyingi apendavyo mtu, lakini kutegua mara moja tu kwa siku, hadi usiku wa manane uipe uhai tena. Inamfaa mtu anayekuja kufua au kumwagilia bustani asubuhi: akiingia, akamaliza, akatega na kuondoka, namba yake haitafungua tena jioni, hata kama amemnong'oneza mwenzake. Na PC1864 inaweza kugawa nyumba katika sehemu nane, kila namba ikapangiwa sehemu zake. Mlinzi anayelala kwenye banda la nyuma afungue banda lake, kwenye nyumba kubwa hana shughuli.

Kuna sababu nyingine ya kugawa namba, na hii wengi hawaifikirii: uchafu wa vidole. Namba moja ya tarakimu nne ikibonyezwa na watu wote kwa miaka, vitufe vinne hufifia na kung'aa kwa mafuta ya ngozi. Tarakimu nne tofauti zikijulikana, mipangilio iliyobaki ni 24 badala ya 10,000. Watu sita wenye namba sita wanavichakaza vitufe vyote, na siri inajificha humo humo.

Namba yenyewe nayo ichaguliwe kwa makini. Mwaka 2012 mchambuzi wa takwimu Nick Berry alipitia namba za tarakimu nne zipatazo milioni 3.4 zilizovuja mtandaoni, akakuta karibu asilimia 11 ni 1234, na zinazoanza na 19, yaani miaka ya kuzaliwa, ni nyingi mno. Bahati mbaya 1234 ndiyo namba kuu inayotoka kiwandani na paneli hizi, na ya fundi ni 5555. Zote zimechapwa kwenye vitabu vya maelekezo. Fundi akikukabidhi kazi, mwombe abadilishe yake mbele yako, kisha wewe badilisha yako akiwa amegeuka. Mwambie pia aweke kikomo cha kukosea, ili anayebahatisha kibao kimfungie kwa muda.

Imebaki namba ya kulazimishwa. Ni sifa inayopewa nafasi moja: ukishikiwa panga mlangoni ukaiandika, alamu inateguka kimya kama kawaida, huku ujumbe wa dharura ukienda kwenye kampuni ya ulinzi. Paneli inakataa namba inayopishana na nyingine kwa moja tu, na inafanya vyema, maana bila hivyo kidole kikiteleza ungeita gari la askari ukiwa umebeba mboga. Lakini namba hii haina maana kama paneli haijaunganishwa na mtu wa kuupokea ujumbe, iwe kwa laini ya simu, kadi ya GSM au redio. Kabla ya kumfundisha yeyote nyumbani, pigia kituo cha kampuni ya ulinzi, waambie mnajaribu, iandike namba hiyo, kisha uwaulize wameona nini kwenye skrini.