Kompyuta ya Gemu ya Kwanza: Anza na Pawa Saplai, Kadi Ifuate

Anayejenga kompyuta ya gemu akiwa Mashewa hana duka la vipuri jirani. Vifaa hutafutwa Korogwe mjini au Tanga, na vikikosekana huko, huagizwa Kariakoo kwa simu na kupakiwa kwenye basi. Kifaa kikifika na kisiingie, gharama ya kukirudisha, ukijumlisha na malumbano na muuzaji, inaweza kumaliza akiba yote. Mnunuzi wa namna hii, kabla ya kuuliza kadi ipi ina nguvu, aulize kipi kinakubali kukaa na kipi.

Njia ya bei nafuu inajulikana: unachukua kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, kisha unaiongezea kadi ya grafiki. Tuchambue moja, OptiPlex 9020 yenye prosesa ya Core i5-4590.

Kwanza kasha. Jina hilo la 9020 liliwekwa kwenye makasha ya ukubwa tofauti. Lipo la mnara, ambalo kadi ya kawaida inaingia. Lipo jembamba, linalotaka kadi fupi ya kimo cha chini. Na yapo madogo zaidi yasiyo na tundu la kadi kabisa. Muuzaji anayekuambia "nina 9020" tu bado hajakuambia unachotaka kujua. Kwa gemu, chukua mnara.

Pili pawa saplai, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Saplai ya mnara huo ni ya wati 290, na kichwa chake kinachoingia kwenye ubao mama kina pini 8, wakati saplai za kawaida za madukani zina pini 24. Huwezi kununua nyingine yoyote na kuichomeka bila waya maalumu wa kuunganishia. Kwa hiyo saplai uliyoikuta ndiyo inayokuchagulia kadi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tundu la kadi, yaani PCIe, hutoa wati 75 bila waya wa ziada, na GTX 1050 Ti, iliyotoka 2016, imepangiwa wati hizohizo 75. Prosesa yetu imepangiwa 84. Jumla ni 159; ongeza ubao, diski na feni, bado hufiki 200. Sasa chukua RX 570, ambayo kwenye mtumba inaweza kukuvutia kwa nguvu yake: inakula takribani wati 150 na inadai waya wake wa umeme, ambao saplai hizi za ofisini kwa kawaida hazina. Kadi ni nzuri, lakini kwenye kasha hili haina kazi. Hata 1050 Ti ikague ukingoni, kwa sababu baadhi ya matoleo yana tundu la pini 6. Wewe unataka lisilo nalo.

Tatu RAM. Ubao huu unapokea DDR3 ya kompyuta ya mezani. DDR4 haiingii, mkato wake uko mahali pengine. Ya laptopu ni fupi. Na ile ya seva, inayouzwa rahisi kupita kiasi, inaweza kuingia vizuri na kompyuta isiwake. Nunua vipande viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha GB 8, maana viwili hufanya kazi sambamba.

Nne monita. Za mtumba nyingi zina VGA peke yake, na GTX 1050 Ti haitoi VGA. Bajeti iwe na kigeuzi cha HDMI kwenda VGA. Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi. Ukiuchomeka kwenye ubao, kadi uliyoinunua inakaa bure.

Utacheza nini? GTA V ilipoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, watengenezaji walipendekeza Core i5-3470 na GTX 660. Mashine yetu inavuka hapo. EA FC 24 inataka angalau Core i5-6600K na GTX 1050 Ti: kadi inafika, prosesa iko chini ya kiwango. Tena Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi hiki. Ni mashine ya gemu za jana, na bei yake iwe ya jana.

Mwenye fedha zaidi aangalie Ryzen 5 5600G ya 2021. Ina grafiki ndani yake, hivyo anaweza kuanza bila kadi na kuiongeza baadaye. Inakaa kwenye soketi ya AM4, ila bodi za zamani za soketi hiyo haziitambui mpaka BIOS yake isasishwe. Mwambie muuzaji aisasishe kabla ya kuipakia.

Umeme nao una masharti. Baadhi ya saplai za bei rahisi zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ukiwasha swichi ikiwa kwenye 115, saplai inaungua papo hapo. Kwenye LUKU, wati 200 kwa saa nne kila siku ni takribani uniti 24 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kundi la D1, hiyo ni karibu theluthi ya uniti 75 za bei nafuu.

Kabla ya kutuma hela, mwombe muuzaji picha tatu: kibandiko cha pawa saplai, ubao mama ukiwa wazi, na ukingo wa kadi. Akikataa, tafuta muuzaji mwingine.