Nani Ajibu Swali la Kabila la Mzee?

Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwauliza watu wa Buna, huku kaskazini mwa Wajir, swali lilelile mara mbili. Mwezi Agosti alikuja karani wa sensa. Aliuliza kila mtu ni wa kabila gani, na katika orodha aliyobeba Wasomali walikuwa wamegawanywa kwa koo: Ajuran, Degodia, Ogaden, Gurreh, Hawiyah. Mwezi Novemba ikatangazwa kwamba Wasomali wote watu wazima wachujwe. Mtu alisimama mbele ya jopo, akataja ukoo wake na watu wake, na wazee wakaulizwa kama wanamtambua. Aliyekubaliwa alipewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Aliyekataliwa alihesabiwa mgeni, hata kama alizaliwa nchini.

Karani wa Agosti alitaka takwimu, na jopo la Novemba lilitaka kujua nani abaki na nani aondoke. Lakini aliyeulizwa alikuwa mtu mmoja, na alichojibu kilikuwa jina moja la ukoo. Tena alijibu akikumbuka Februari 1984, wanaume wa Degodia walipokusanywa na askari kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi wakauawa. Kwa mtu aliyepitia hayo, kutaja ukoo mbele ya mwenye kalamu si jambo dogo. Ndiyo maana nashikilia kwamba usahihi wa rekodi ya asili ya mtu unategemea mambo mawili kabla ya mengine yote: nani amejibu, na jibu lake litapelekwa wapi.

Fomu moja ya Marekani imelishughulikia vizuri jambo la kwanza. Huko kila makao ya wazee yanayolipwa na bima za serikali, Medicare na Medicaid, hulazimika kumfanyia kila mkazi tathmini kwa fomu iitwayo MDS. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1987. Kwa miaka mingi swali la rangi na asili lilikuwa moja tu, lenye majibu sita. Tangu Oktoba 2023 limekuwa maswali mawili. La kwanza, A1005, linauliza kama mkazi ana asili ya Kihispania au Kilatino. La pili, A1010, linauliza rangi na lina visanduku 14: saba vya Waasia wa aina mbalimbali, vinne vya watu wa visiwa vya Pasifiki, kimoja cha Wazungu, kimoja cha wenyeji asilia, na kimoja cha watu weusi wote.

Msomali wa Minneapolis, Mjamaika na mzao wa watumwa wa Alabama wote wanaingia katika kisanduku hicho kimoja, wakati Mkorea na Mjapani kila mmoja ana chake. Ni kasoro. Mwezi Machi 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni mpya za takwimu zinazomtaja Msomali kwa jina miongoni mwa mifano ya watu weusi. Ni hatua njema, ila si hapo uzuri wa fomu ulipo.

Uko katika herufi tatu za mwisho wa orodha. Muuguzi anatakiwa kumwuliza mzee mwenyewe kwanza. Mzee asipoweza kujibu, labda kwa maradhi ya kusahau, anaulizwa jamaa au msimamizi wake wa kisheria. Nao wakikosa jibu, hutazamwa faili la matibabu. Jibu likitoka kwa jamaa au kwenye faili, muuguzi hutia alama kwenye asili iliyotajwa na pia kwenye X, ili atakayesoma baadaye ajue kwamba mzee hakusema mwenyewe. Mzee akiwa na akili zake timamu akakataa kujibu, hutiwa alama kwenye Y peke yake, na hapo ni marufuku kumjazia kutoka kwingine, hata kama binti yake amesimama kando na anajua. Z ni ya anayesema hayumo katika orodha. Kushindwa kujibu, kukataa kujibu na kutokuwamo ni mambo matatu tofauti, na fomu nyingi huyatupa yote katika kapu moja la "haijulikani".

Sasa tuilinganishe na sensa yetu. Mwaka 2019 makarani walibeba tableti kwa mara ya kwanza, na takwimu zikasafiri upesi. Lakini anayejibu bado ni mkuu wa kaya, au mtu mzima yeyote aliyekutwa nyumbani, kwa niaba ya wote. Bibi wa miaka 80 aliyeketi chini ya mti hatua chache kutoka hapo huandikiwa kabila bila kuulizwa, na rekodi haionyeshi kwamba hakuulizwa.

Hapa Buna kosa hilo lina sura yake. Waajuran wengi wa Wajir Kaskazini huzungumza Kiborana nyumbani. Karani kutoka Garissa, achilia mbali wa Nairobi, akiisikia familia ikizungumza Kiborana anaweza kuwaandika Waborana bila kuuliza zaidi, na watoto wakiwa na haraka ya kwenda kisimani hakuna wa kumsahihisha. Chukua pia mfano wa mzee wa namna hiyo aliyehamia kwa wanawe Minnesota, kisha akaingia makao ya wazee. Kisanduku cha rangi hakitamsaidia sana. Kitakachomsaidia ni swali la A1110 la fomu hiyohiyo, linalouliza lugha anayoipenda na kama anahitaji mkalimani. Muuguzi akiona jina na kudhani ni Kisomali, mzee ataelezewa dawa zake kwa lugha ambayo si ile anayoota ndoto kwayo.

Jambo la pili, la jibu litapelekwa wapi, ndilo gumu kwetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Novemba 2019 inaiweka asili ya kikabila miongoni mwa taarifa nyeti. Ilitiwa saini chini ya miezi mitatu baada ya sensa. Kwa miaka mingi usaili wa waombaji wa vitambulisho uliendelea huku mipakani, kwa maswali yaleyale ya ukoo. Mzee aliyekwama kwenye usaili alikosa kitambulisho, na bila kitambulisho hakuweza kuandikishwa Inua Jamii, mpango uliowafungulia mlango mwaka 2018 wote waliotimiza miaka 70, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini hapa Wajir tangazo la kuukomesha usaili huo. Wazee waliozaliwa kabla ya uhuru walikuwa wameusubiri uamuzi huo kwa miaka mingi.

Sensa ijayo, kwa mpango wa kila miaka kumi, ni ya 2029. Shirika la Takwimu la Taifa lina muda wa kuongeza sehemu ndogo katika tableti, mbele ya swali la kabila: alijibu mwenyewe, alijibiwa, alikataa. Lina muda pia wa kumfunza karani kwamba anayekataa ameshajibu, na kwamba haruhusiwi kumwendea jirani.