Kidonge cha presha kabla ya nusu kaputi: je, kweli yote sawa?

Mama yako anameza dawa za presha, na kesho anafanyiwa upasuaji. Kidonge cha asubuhi ameze au aache?

Mwaka 2024 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa Ufaransa uitwao Stop-or-Not. Wagonjwa 2,222 waliokuwa wakingoja upasuaji mkubwa, usio wa moyo, waligawanywa kwa kura: wengine waendelee na dawa za jamii ya losartani na enalaprili, wengine waache saa 48 kabla. Baada ya siku 28, vifo na madhara makubwa vilikuwa asilimia 22 pande zote mbili. Ukiishia hapo utasema, basi, yote sawa.

Kazi ni nzuri, tuipe haki yake. Lakini soma mbele kidogo: presha ilishuka wakati wa upasuaji kwa asilimia 54 ya walioendelea, dhidi ya 41 ya walioacha. Kwangu mimi, matokeo yale sawa yanategemea kuwepo kwa mtu wa kuiona presha ikishuka na dawa ya kuipandisha. Sasa yapeleke matokeo hayo Ikombe, kwa akina mama wafinyanzi wa vyungu chini ya milima ya Livingstone, ambao husafiri ziwani kwa mtumbwi kwenda Matema. Utafiti wa nchi 25 za Afrika, uliotoka The Lancet mwaka 2018, ulikuta vifo baada ya upasuaji ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa walikuwa vijana zaidi. Wengi walifariki baada ya kutoka chumba cha upasuaji, pale ambapo macho hupungua.

Kasoro ya pili ni yetu wasomaji: tunasema "dawa za presha" kana kwamba ni kitu kimoja. Mwaka 2008 utafiti wa POISE uliwaanzishia metoprololi watu siku ileile ya upasuaji. Katika wagonjwa 8,351, mishtuko ya moyo ilipungua, ila vifo na kiharusi vikaongezeka. Wakati huohuo, aliyeizoea dawa ya jamii hiyo, kama atenololi, akiikatisha ghafla anauhatarisha moyo wake. Jamii moja ya dawa haiwezi kuisemea nyingine.

Kwa hiyo usimwamulie mama nyumbani. Mfungie paketi zote za dawa zake aende nazo, amwambie mtaalamu wa usingizi anameza nini, na mara ya mwisho alimeza lini. Jibu litatoka hapo, si kwenye kichwa cha habari.