Chumvi ya Konokono

Mvua za masika zikishika Mkumbara, chini ya ukuta wa milima ya Usambara, konokono wakubwa wa nchi kavu hutoka walikojificha tangu kiangazi. Muda wote huo walikuwa wamejifungia ndani ya magamba, mlango umezibwa kwa utando mkavu kama karatasi. Sasa wanatambaa kwenye mkonge, wanapanda ukuta kulamba chokaa, na wengine wanaishia mikononi mwa watoto. Watoto wanajua la kufanya. Wanakwenda jikoni kuiba chumvi kidogo, wanaimwaga juu yake, wanachuchumaa kutazama. Konokono anatoa povu, anajikunja, maji ya mwilini yanavutwa nje yote, na kabla mama mtu hajauliza chumvi imekwenda wapi, limebaki gamba na ute.

Ndugu zake wa baharini hawana maisha bila chumvi hiyo. Wanaitaka kiasi cha gramu 35 katika kila lita ya maji, na ikipungua au kuzidi kwa ghafla wanakufa. Na wapo watu duniani ambao kazi yao baada ya kazi, au tuseme ugonjwa wao, ni kutengeneza maji ya namna hiyo sebuleni, kuyatia kwenye tangi la kioo pamoja na matumbawe na konokono wachache, kisha kukaa usiku na tochi wakingoja wazae.

Kutoka Mkumbara hadi bahari ya Tanga ni zaidi ya kilomita 100. Hata hivyo konokono wa baharini walifika bara zamani, kabla reli ya Wajerumani haijafika Mombo mwaka 1905 na kuendelea kupita Mkumbara kuelekea Moshi. Walifika wakiwa magamba matupu: simbi kwenye mikufu ya waganga, kete za kuchezea, na dondo, lile kauri kubwa lenye madoa ambalo mafundi cherehani walisugulia mishono ili ilale. Neno kete lenyewe limeshahama, maana siku hizi wachezaji wengi wa bao wanatumia mbegu za komwe na hakuna anayekumbuka bahari.

Biashara ya magamba hayo ilikuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katikati ya karne ya 19 kampuni za Hamburg, kwanza ya Hertz na kisha ya O'Swald, zilinunua kauri wa pwani hii kupitia Zanzibar, wale wadogo wenye pete ya manjano mgongoni, zikawapeleka Afrika Magharibi walikotumika kama fedha. Meli zilijaza kauri hadi fedha hiyo ikaporomoka thamani. Waliookota miambani maji yalipokupwa wengi walikuwa wanawake na watoto, na kabla ya kuwauza ilibidi waachwe waoze, nyama itoke, gamba lioshwe. Harufu yake mtu aikisie mwenyewe. Kwa hesabu ya wakati huo konokono mzima alikuwa mali ambayo haijawa tayari.

Ufundi wa tangi la kioo umegeuza hesabu hiyo. Ulianza na watu waliotaka kumwona mnyama akiwa ndani ya gamba lake. Mwaka 1832, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, Jeanne Villepreux-Power alitengeneza tangi la kioo ili amchunguze argonauti, jamaa wa pweza anayetembea na gamba jembamba. Wataalamu walibishana: je, gamba lile ni lake au ameliiba kwa mwingine? Villepreux-Power aliwafuga, akawatazama wakiziba nyufa za magamba yao wenyewe, ubishi ukapata jibu. Mwaka 1846 Anna Thynne alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya kusini ya Uingereza hadi London. Maji yake yaliingizwa hewa kwa kumiminwa kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, na aliyeumia mikono alikuwa mtumishi wake wa ndani. Jina akwariamu lilienea baadaye, kwa kitabu cha Philip Henry Gosse cha mwaka 1854. Kazi ilitangulia jina.

Leo pampu imechukua nafasi ya mtumishi, lakini maji bado ndiyo ufundi wenyewe. Mtu wa Tanga mjini anaweza kuchota ya bahari kwa dumu. Wa Mkumbara angelazimika kuyatengeneza, na si kwa chumvi ya dukani, kwa kuwa bahari ina magnesiamu, kalsiamu na madini mengine ambayo chumvi ya mboga haina, na konokono bila kalsiamu ni fundi mwashi bila saruji. Kosa la kwanza la wanagenzi linachekesha. Maji yanapungua tangini kwa joto, mtu anaongeza maji ya chumvi. Maji hukauka, chumvi haikauki. Baada ya wiki chache tangi limekuwa kali kuliko bahari, konokono wamekaa chini wamejifungia, na mwenyewe anashangaa wakati tangi halijawahi kupungua hata kidole. Kinachotakiwa kuongezwa ni maji safi yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo.

Tangi jipya linahitaji wiki kadhaa likae bila mnyama, hadi bakteria wanaogeuza amonia wajenge makazi kwenye mawe. Dawa ya samaki yenye shaba inaponya samaki na kuua konokono wote. Umeme ukikatika usiku, oksijeni inashuka kwanza, joto baadaye, na mwenye akili huwa na pampu ndogo ya betri karibu. Hata mgeni aliyenunuliwa hatupwi tu majini: anawekwa kwenye bakuli na maji ya safari yake, kisha maji ya tangi yanaingia tone kwa tone kupitia mpira mwembamba, saa nzima au zaidi. Yote haya kwa ajili ya kiumbe ambaye shukrani yake ni kukwangua utando wa mwani kwenye kioo na kuacha njia yenye kona kona, kama mtoto aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza.

Kuishi ni jambo moja, kuzaa ni jingine, na hapa ndipo wafugaji wengi wanapokwama.

Konokono wa miambani wa aina kama Trochus wana jike na dume, na hawakutani. Jioni fulani mmoja anapanda hadi karibu na uso wa maji, anainua gamba lake juu ya unyayo, na kutoka pembeni unatoka moshi mweupe. Ni mbegu za dume. Dakika chache baadaye mwingine anajibu, wa tatu anafuata, na maji ya tangi zima yanakuwa kama yaliyooshewa mchele. Baharini mayai yanayotungishwa hivyo huwa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, vikachukuliwa na mkondo hadi vitue mahali pengine. Ndani ya tangi mkondo wote unaelekea kwenye pampu na chujio. Samaki wanakula vingine, matumbawe yananyoosha mikono yao na kula vilivyobaki. Asubuhi maji ni maangavu na hakuna kitu.

Fundi anayejua huzima pampu dakika ile ile anapoona moshi. Wengine huteka maji hayo kwenye chombo cha pembeni, wakaweka mpira wa hewa unaotoa mapovu taratibu na kipande cha kioo chenye utando wa mwani cha kutulia juu yake. Viluwiluwi vya Trochus vinasamehe kidogo: vinazaliwa na chakula chao tumboni na kutua baada ya siku chache tu. Wapo wanaokwepa hatari hiyo kabisa. Baadhi ya konokono wadogo wa jamii ya Columbellidae hutaga kwenye vifuko ambamo watoto hukua hadi watoke wakitambaa. Stomatella, ambaye gamba lake halimtoshi na akishikwa hukata kipande cha unyayo kama mjusi anavyoacha mkia, huzaa kwa moshi kama wengine, lakini watoto wake huonekana mara kwa mara matangini bila mtu kuwafanyia lolote.

Na yupo kauri, yule yule wa pete ya manjano. Jike hubandika mayai mwambani kisha hulalia juu yake, unyayo umeyafunika yote, halafu kwa siku kadhaa hali wala haondoki. Ukimwangazia tochi hasogei. Enzi za biashara ile walihesabiwa kwa mafurushi, na kila mmoja aliyebanduliwa mwambani huenda alikuwa mama aliyelala juu ya mayai.

Kwenye mifereji ya umwagiliaji ya bara mambo ni kinyume kabisa. Konokono wa maji baridi wanaobeba kichocho hawahitaji pampu wala fundi. Wana jinsia zote mbili mwilini, mmoja peke yake aliyeingia mferejini aweza kuanzisha ukoo, na mayai yao yaliyofungwa kwenye ute kama jeli huanguliwa ndani ya wiki moja hivi. Watafiti wa kichocho nao huwafuga kwenye vyombo vya kioo kwa majani ya saladi, kisha humweka kila mmoja kwenye kichupa chake chini ya mwanga waone kama atatoa vimelea. Ni ufugaji kamili, ingawa hakuna anayeufanya kwa mapenzi.

Tangi la kioo limewahi kubeba mzigo mkubwa zaidi, na chanzo chake ni yule yule mla chokaa wa Mkumbara. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki alisafirishwa na watu hadi visiwa vya Pasifiki, akala mazao. Ili kumdhibiti, mwaka 1977 aliletwa Moorea, karibu na Tahiti, konokono mwindaji kutoka Amerika. Mwindaji akamwacha mgeni, akawala Partula, konokono wadogo wenyeji, na kwa muda wa miaka kama kumi hivi wakatoweka karibu wote msituni. Jamii nyingi zilibaki kwa wachache tu waliokwisha kuchukuliwa na wanasayansi, wakafugwa kizazi baada ya kizazi katika visanduku vya plastiki na kioo huko London, Edinburgh, Marekani na kwingineko, kwa uji wa shayiri uliochanganywa na chokaa. Partula huzaa mtoto mmoja mmoja, mzima na gamba lake, kwa hiyo hesabu ilikwenda polepole. Januari 1996 Partula turgida wa mwisho alifia London, na jamii yake ikaishia hapo, ndani ya kisanduku.

Mwaka 2015 walianza kurudishwa visiwani kwa ndege. Kabla ya kuachiwa mitini kila mmoja alipakwa tone la rangi kwenye gamba, ili wafugaji wamjue. Mwaka 2024 waliokwenda Moorea kuwatafuta Partula tohiveana usiku waliwakuta watu wazima juu ya majani, wakamulika migongo yao mmoja mmoja, na baadhi hawakuwa na rangi yoyote.