Ubebano: Kusoma Kinyago cha Ujamaa cha Mpingo

Kinyago cha ujamaa kina sifa moja ambayo hata mtazamaji mzoefu huipita haraka: ndani yake hamna mtu anayesimama kwa miguu yake mwenyewe. Kila mwili umekanyaga bega, umekalia kichwa, umeshika kiuno au umening'inia mgongoni mwa mwingine, na ule wa chini kabisa, ambao tungetarajia ukanyage ardhi, umezama hadi magotini katika kisiki ambacho fundi amekiacha bila kukichonga. Kile ninachokisoma hapa kimo sebuleni kwa familia moja ya Kipawa, Dar es Salaam, si mbali na uwanja wa ndege ambako vinyago vingi vya jamii yake huondoka nchini ndani ya mizigo ya wageni. Urefu wake haufiki mita moja. Hakina sahihi wala tarehe, na wenye nyumba hawajui jina la aliyekichonga. Uhusiano unaotawala kazi yote, wa kila mmoja kuwa mbebaji na mbebwa kwa wakati uleule, nitauita ubebano, kwa sababu neno ushirikiano ni pana mno na halina uzito wa mwili ndani yake.

Ubebano huu ulianzia kwenye gogo kabla haujafika kwenye mkono wa fundi. Mpingo hukua polepole mno, kati ya miaka 70 na 100 mpaka ufae kuvunwa, na mara nyingi shina lake huwa fupi, lenye mikunjo, na matawi huanza karibu na ardhi. Mti wake ni mzito kiasi cha kuzama majini. Watengenezaji wa klarineti na oboi hutafuta katika mpingo kipande kilichonyooka, kisicho na fundo wala ufa, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mti haiwafai. Mchongaji huweza kuanzia palepale walipoishia. Gogo alilonalo ni refu kwa kimo na jembamba kwa upana, kwa hiyo anayetaka kuchonga umati hana nafasi ya kuupanga kando kwa kando kama picha ya harusi, bali analazimika kuupandisha. Umbo la mnara, ambalo wengi hulichukulia kuwa alama ya umoja iliyobuniwa kichwani, ni kwanza jibu la kiufundi kwa swali lililoulizwa na shina.

Tunaweza kuipima hoja hii kwa kulinganisha na mti mwingine. Wamakonde wa uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, walichonga barakoa za ngoma ya mapiko katika miti laini na myepesi, na sababu yake iko wazi: barakoa huvaliwa na mchezaji anayeruka na kutikisa kichwa, na hakuna shingo itakayoustahimili mpingo usiku kucha. Wale kati yao waliovuka mto Ruvuma katika karne ya ishirini kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na baadaye wakafika Dar es Salaam, walikuta wanunuzi wanaopenda mti mweusi unaong'aa. Mabadiliko hayo ya soko yalikuwa pia mabadiliko ya utungo. Mti laini hauruhusu mkono mwembamba kama kidole upite hewani kutoka kiuno hiki hadi bega lile, kwa maana utakatika kabla tezo haijamaliza kuuchonga. Mpingo unaruhusu. Ugumu uleule unaochosha mkono na kumaliza makali ya patasi ndio unaompa fundi uhuru wa kutoboa, kuchimba ndani na kuacha nyuzi za mti zikibeba mzigo. Hapa ndipo naona siri ya kwanza ya umbo hili: wembamba wa viungo vyake umezaliwa na ukaidi wa mti wake.

Tukisogelee sasa kwa karibu. Katika safu ya pili kutoka chini yupo mwanamke aliyeinama kidogo, mkono wake wa kushoto ukipanda kushika kifundo cha mguu cha kijana aliye juu yake. Ukizunguka hatua moja kuelekea dirishani, kifundo hicho kinageuka kuwa kiwiko cha mzee aliyeegemea upande wa nyuma. Ukirudi, kiwiko kinapotea na mguu unarejea. Ni donge moja la mti, lenye ukubwa wa limau, linalosomeka kwa namna mbili kutegemea mahali alipo msomaji. Viungo vya namna hii, ambavyo naviita viungo-shirika, vimo katika kinyago chote, na ubora wa fundi unapimwa hasa hapo. Fundi wa kawaida huunganisha miili kwa kuigandisha, mgongo kwa mgongo, kisha hukwaruza mstari katikati ili kuonyesha kwamba ni watu wawili. Fundi huyu hakuhitaji mstari, kwa kuwa alihesabu pembe za kutazamia kabla hajakata, na akakubali kwamba hakuna pembe hata moja itakayomwonyesha mtazamaji kila kitu.

Ushairi wa Kiswahili unajua ufundi wa aina hii. Katika pindu, maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata, na msikilizaji husimama kitambo kwenye kiungo hicho bila kuwa na uhakika kama bado yumo katika wazo la zamani au ameshaingia jipya. Raha ya pindu imo katika kutokuwa na uhakika huko. Hata hivyo pindu huenda upande mmoja tu, kwa sababu sauti haina njia ya kurudi nyuma, ilhali kinyago kinaweza kuanzwa popote: kutoka kisikini kwenda juu, kutoka kichwa cha juu kushuka, au kwa kuuzunguka mwili mmoja hadi ukukabidhi kwa jirani yake. Usomaji wake ni wa mzunguko, na kila mzunguko unahesabu watu tofauti. Mimi mwenyewe sijapata idadi inayokubaliana na ile ya wenye nyumba, na sidhani kama kazi hii inataka ihesabike.

Historia ya mtindo huu inaeleza jambo ambalo jina lake limelificha. Anayetajwa na waandishi wa sanaa kuwa mwanzilishi wake ni Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde kutoka Msumbiji, aliyechonga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuuza kwa mfanyabiashara wa vinyago Mohamed Peera. Kazi yake ya mwanzo haikuonyesha familia wala kijiji. Ilionyesha bingwa wa mieleka akiinuliwa na wenzake, na mtindo wenyewe ukaitwa dimoongo. Jina la ujamaa lilikuja baadaye, hewa ya nchi ilipojaa siasa iliyopewa sura rasmi na Azimio la Arusha la mwaka 1967, na tangu hapo wahakiki wengi wamezoea kukisoma kinyago hiki kana kwamba ni kielelezo cha sera. Usomaji huo unakipunja. Umbo lilitangulia jina, na mieleka haijawahi kutoka ndani yake. Mtazame kijana wa safu ya tatu katika kinyago cha Kipawa: vidole vyake vya mguu vimejikunja na kuzama katika bega la aliye chini, na bega hilo limebonyea, mfupa wa mtulinga ukiwa umeshuka upande mmoja kuliko mwingine. Fundi amechonga maumivu ya kubeba. Uso wa mbebaji hautabasamu, misuli ya shingo imekaza, na mkono wake wa kulia umeshika paja la kijana kwa nguvu inayoweza kuwa ya kumtegemeza au ya kumzuia. Umoja unaoonyeshwa hapa una gharama, na gharama hiyo ndiyo inayoutofautisha na picha za matangazo ambamo watu hushikana mikono bila mtu kuhisi uzito wa mwenzake.

Jina lingine la vinyago hivi, mti wa uzima, linatupeleka kwenye mti wa ukoo, na hapo mpangilio wa juu na chini unakuwa suala zito. Katika dirisha la kioo la karne ya 12 la kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, Yese amelala chini, mti unachipuka mwilini mwake, na wazao wake wamepangwa mmoja juu ya mwingine hadi kwa Kristo kileleni. Kila mfalme amekaa peke yake, ametazama mbele, na muda unapanda kwa utulivu kutoka shinani hadi kileleni. Mchoro wa ukoo tuliofundishwa shuleni hufanya kinyume: babu na bibi juu, watoto chini, mti uliopinduliwa. Kinyago chetu hakifuati njia yoyote kati ya hizo mbili. Kileleni pana kichwa kikubwa kuliko vyote, cha mwanamke mzee mwenye ndonya kwenye mdomo wa juu na chale zilizopangwa mashavuni. Katika hadithi ya asili ya Wamakonde, mtu wa kwanza alichonga umbo la mwanamke kwa mti, likapata uhai, likawa mke wake na mama wa kabila zima. Mama huyo aliyetoka katika mti yuko juu, anabebwa na uzao wake, na watoto wachanga wako katikati ya mnara, wamebanwa kati ya viuno. Ukisoma kwa uzito wa mwili, vijana ndio msingi. Ukisoma kwa nasaba, shina liko juu. Mielekeo hiyo miwili inakutana bila mmoja kuushinda mwingine, na hili, kwa maoni yangu, ndilo jambo kubwa zaidi ambalo umbo hili limelisema kuhusu ukoo, kwamba wazee wametuzaa na sisi ndio tunaowasimamisha.

Nyuma ya kinyago, kuanzia kisogo cha bibi huyo hadi kisikini, fundi ameacha mkanda mwembamba wa mti mweupe, ile tabaka ya nje inayozunguka kiini cheusi cha mpingo. Wengi hudhani ni pambo. Kwangu ni kipimo. Weupe huo unatuambia mahali ambapo ngozi ya gogo ilikuwa, na ukiufuata kwa jicho utagundua kwamba visogo, viwiko na magoti yote ya upande ule yanaishia kwenye mpaka mmoja, kana kwamba umati wote umefungiwa ndani ya bomba lisiloonekana. Hakuna anayenyoosha mkono kutoka nje ya shina. Mti umeondolewa karibu nusu yake, lakini mduara wake bado unashika watu mahali pao, na utaratibu tunaouhisi katika vurugu hii ya viungo unatokana na mpaka huo. Mitindo mingine ya Wamakonde, hasa ya shetani inayohusishwa na Samaki Likankoa, huuvunja mpaka huu kwa makusudi na kuuacha mwili mmoja upinde utakavyo. Ujamaa unauheshimu.

Kati ya safu ya tatu na ya nne pana ufa. Mpingo uliokaushwa haraka au kuanikwa juani hupasuka, na ndiyo maana mafundi huweka magogo kivulini. Hata hivyo si kila ufa unazuilika. Huu haukuzibwa kwa gundi na vumbi la mti kama ilivyo desturi. Fundi ameupitisha kati ya ubavu wa mwanamke na mgongo wa mtoto, ukawa mstari unaowatenganisha, kisha akauendeleza kwa patasi kwa urefu wa kama kidole hadi chini ya kwapa. Ukigusa ndipo unatambua mahali ambapo ufa unakoma na mkato unaanza. Uamuzi huo ni wa mtunzi aliyekomaa.

Kazi hii ina udhaifu wake. Nyuso nne za safu ya nne zimechongwa kwa mazoea: macho yaleyale, pua ileile, midomo iliyokatwa kwa pigo moja, na unaona kwamba huko fundi alikuwa anajaza nafasi. Pia kinyago kimetiwa kiwi kingi mno. Mng'ao umefuta alama za tupa mashavuni na kuufanya mwanga uteleze juu ya nyuso badala ya kukaa ndani yake, wakati kisiki, kilichoachwa na makovu ya tezo, ndicho sehemu yenye uhai kuliko zote. Vinyago vingi vya aina hii vinavyouzwa leo katika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, ni vyembamba zaidi, na safu zake zinarudia sura moja kutoka chini hadi juu. Mnunuzi akitaka kujua kama kipo cha kusomwa, atafute kwanza kiungo-shirika kimoja cha kweli. Kikikosekana, alichoshika ni gogo lenye nakshi.

Naomba mambo mawili kwa walio na vinyago hivi majumbani. Kiondoeni kinyago ukutani na pembeni mwa televisheni, mkiweke mahali ambapo mtu anaweza kukizunguka, kwa kuwa kikiegemezwa ukutani nusu ya utungo wake haisomeki. Na mnaponunua, muulizeni fundi jina lake na mahali alikotoa gogo, mliandike jina hilo na mwaka chini ya kisiki kwa wino usiofutika. Kinyago cha Kipawa hakikuandikwa, na mtunzi wake hatutamjua tena.