Kipandikizi cha jicho na upofu wa usubi

Kabambare, katika mkoa wa Maniema nchini Kongo, iko katika bonde la Luama, mto unaomwaga maji yake Lualaba. Penye maji ya kasi huzaliana inzi wadogo weusi, na kuuma kwao ndiko kunakoeneza ugonjwa wa usubi. Minyoo wakubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi miaka 10 hadi 15. Wana wao husafiri hadi jichoni, na wakifia humo huzusha uvimbe: konea hufunga ukungu, retina hupata makovu, neva ya jicho hunyauka.

Kipandikizi cha jicho kinachosifiwa zaidi sasa, PRIMA, kilichobuniwa na Daniel Palanker wa Chuo Kikuu cha Stanford, hutibu kipande kimoja tu cha safari ya nuru kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Ni kibati cha silikoni cha milimita 2 kwa 2, chenye pikseli 378, kinachotiwa chini ya retina mahali seli za kupokea mwanga zilipokufa. Hakina waya wala betri. Kamera ya kwenye miwani hupiga picha, kompyuta ndogo ya mfukoni huichakata, kisha miwani huirusha jichoni kwa miale ya infraredi. Kila pikseli hugeuza miale kuwa umeme unaoamsha seli zilizosalia. Ujanja uko kwenye infraredi: jicho haliioni, hivyo sehemu nzima za retina haziingiliwi.

Katika matokeo yaliyochapishwa Oktoba 2025, wagonjwa 26 kati ya 32 waliofuatiliwa mwaka mzima waliongeza uwezo wa kuona herufi. Hao walikuwa wazee wa Ulaya ambao retina zao zilikufa katikati tu. Konea zilikuwa angavu na neva hai. Usubi huharibu hivyo viwili. Konea pengine itabadilishwa, neva haibadilishwi.

Orion, kipandikizi chenye elektrodi 60 zinazowekwa juu ya ubongo, huiruka neva. Ilijaribiwa kwa watu 6 Marekani, walioona vimulimuli, si nyuso. Kampuni iliyoiunda, Second Sight, iliacha kutengeneza Argus II, kipandikizi chake cha retina, mwaka 2019, na waliokuwa nacho wakakosa vipuri, tena katika nchi tajiri.

Kwa usubi, basi, kinga ndiyo yenye nguvu. Dawa ya Mectizan, inayotolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987, huua wana wa minyoo na kuwaacha wakubwa, ndiyo maana hurudiwa kila mwaka. Wanakijiji wenyewe huigawa. Dozi hukadiriwa kwa fimbo ya urefu, na mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi.