Mlio Si Mvuto

Gari lililokatwa ekzosi likipita Babati usiku, utalisikia tangu linapoingia kutoka upande wa Bonga mpaka linapopotelea njia ya Magugu. Waliokaa kwenye vibanda vya chipsi hugeuka. Mmoja atasonya, mwingine atacheka, na vijana wawili watatu watatoa hukumu: hiyo chuma imefanyiwa kazi. Nataka kuipinga hukumu hiyo kwa uzito uleule tunaoutumia kupinga riwaya mbaya iliyosifiwa na wengi. Kuiongezea nguvu injini ya petroli ni sanaa, na sanaa isiyo na wahakiki huachiwa wapiga debe.

Tuanze na vigezo. Mhakiki wa ushairi wa kimapokeo huhesabu mizani kabla ya kusifia maudhui. Mhakiki wa injini ahesabu hewa. Gramu moja ya petroli inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa, kwa hiyo kumwaga petroli zaidi peke yake hakuleti kitu zaidi ya moshi mweusi na plagi zenye masizi. Nguvu hutokana na hewa nyingi kuingia kwenye silinda, kukutana na petroli ya kuitosha, kushindiliwa vizuri na kuwashwa kwa wakati wake. Basi. Kila fundi anayesema ameongeza nguvu aulizwe maswali mawili: hewa ya ziada imeingilia wapi, na petroli ya kuifuata imetoka wapi?

Hapa Babati maswali hayo yana uzito wa pekee, kwa sababu mji wetu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Chukua Noah ya zamani yenye injini ya 3S, ile ya cc 1,998 ambayo Toyota waliiandikia nguvu za farasi 130. Ikifika Babati, farasi wasiopungua 15 wamebaki Tanga, na hapo hujapakia abiria wala magunia ya mchele. Elekea Dareda, anza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh, na kila kona inachukua farasi wengine. Umri nao umekula wa kwake, maana gari lilikwisha kutumika miaka mingi Japani kabla ya kupakiwa melini.

Kwa hiyo siwacheki vijana wanaotaka nguvu. Kiu yao ni ya haki. Ninachokihakiki ni kinywaji wanachouziwa.

Kazi inayopendwa kuliko zote ni kukata ekzosi na kutoa masega, yaani kile kifaa chenye vitundu vidogovidogo kinachosafisha moshi kabla haujatoka nje. Mteja anaondoka na mlio mnene na imani kwamba gari limefunguka. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Masega yaliyoziba, kwa kuchomwa na petroli isiyoungua au kwa injini inayokula oili, huikaba injini kweli. Ukiyatoa gari linarudisha pumzi siku hiyohiyo, na mwenye gari atakuapia kwamba kutoa masega kunaongeza nguvu. Lakini alichofanyiwa ni kuondolewa ugonjwa. Jirani yake mwenye masega mazima akifanya vilevile atapata ongezeko dogo mno, pengine lisilosikika hata kwenye mlima, na sikio lake ndilo litakalojaza pengo. Sauti ikiwa kubwa, mwili huhisi mwendo mkubwa. Ni hila ya zamani ya msomaji wa shairi baya mwenye sauti nzuri.

Halafu kuna hesabu ambayo haitajwi wakati wa kupatana bei. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani ambayo yana wanunuzi duniani kote. Mteja anayeyaacha gereji bila kuuliza amelipa ufundi ili atolewe mali yake. Baada ya hapo taa ya injini itawaka kwenye dashibodi, kwa sababu sensa ya pili ya oksijeni, kama gari linayo, inasema kilichokuwepo hakipo. Na moshi ambao ungesafishwa, wenye kaboni monoksidi ndani yake, unabaki kwa mama anayechoma mahindi kando ya barabara. Kama ni muziki, basi uuzwe kama muziki. Sina ugomvi na anayependa mlio na kuulipia akijua ni mlio. Ugomvi wangu ni na risiti inayoandika nguvu pale palipouzwa sauti.

Kazi ya pili ina hadhi zaidi: kufunga tabo kwenye injini iliyozaliwa bila tabo. Hapa angalau swali la kwanza limejibiwa, kwani tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka ili isukume hewa zaidi iingie. Watu wa miinuko tuna sababu ya kuipenda. Mwaka 1918, mhandisi wa General Electric aitwaye Sanford Moss alipotaka kuthibitisha tabo yake kwa injini ya ndege, aliipeleka juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,000, mahali ambapo hewa haba ingeiumbua injini ya kawaida. Tangu mwanzo tabo imekuwa jibu kwa mlima. Anayeifikiria akiwa Babati hayuko nje ya historia.

Tatizo liko kwenye swali la pili. Injini isiyo ya tabo imetengenezwa kushindilia hewa sana, kwa sababu inajivutia yenyewe. Ukiisukumia hewa nyingine bila kupunguza mshindilio huo, bila nozeli kubwa zaidi, bila kuirekebisha kontrol boksi ijue kwamba mambo yamebadilika, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na petroli inalipuka kabla ya cheche kumaliza kazi yake. Ule mgongano mkavu unaousikia injini ikielemewa ni nyundo juu ya pistoni. Wiki kadhaa gari litasifiwa barabara nzima. Kisha ringi zinavunjika au pistoni inatoboka, na kijana aliyekusanya fedha za mbaazi za msimu mzima anaanza kutafuta injini nyingine. Nikiitazama kazi ya namna hiyo naona mwandishi aliyebandika sura moja ya mwandishi mwingine katikati ya riwaya yake. Sura ni nzuri, ila haijui waliokuja kabla yake.

Kazi ya tatu haina mashabiki, nami nitaisifu bila kuona haya. Ni ya fundi ambaye kabla ya kufungua chochote anapima mgandamizo wa silinda zote nne na kuandika namba. Kama tatu zinakaribiana na moja iko chini, anamwaga oili kidogo ndani yake na kupima tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ataangalia vali au gasketi. Anasafisha nozeli, anabadilisha kichujio cha hewa kilichojaa vumbi jekundu, anahakikisha taimingi belti haijaruka jino, anaangalia plagi moja moja na kuzisoma rangi. Kwenye gari la kabureta anakumbuka kwamba mwinuko hulifanya linywe petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, basi anaipunguza. Kisha anaiwasha na kunyamaza. 3S huwasha silinda zake kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, na fundi mwenye sikio huisikiliza kama malenga anayesikiliza mshororo. Ikimisi, atajua mizani imepungua hata kabla hajajua ni ya wapi.

Nguvu anayoirudisha fundi huyo haizidi ile iliyotoka kiwandani. Ila kwa magari tunayoendesha sisi, yaliyochoka kwa vumbi na mizigo, pengo kati ya injini ilivyo na ilivyopaswa kuwa ni kubwa kuliko chochote ambacho ekzosi inaweza kuahidi. Atakayelijaza pengo hilo amefanya ubunifu mkubwa kuliko aliyekata bomba.

Atakayesema huu ni uzee na hofu ya kasi aitazame historia ya kasi katika nchi zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh aliyashinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, ushindi ulikuja Dar es Salaam na Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Injini ya gari hilo ilikuwa ya cc 1,618, na kutoka kiwandani haikufikisha nguvu za farasi 100. Noah ya standi ya Babati, hata baada ya mwinuko kuchukua chake, ina farasi zaidi. Gari lile liliheshimiwa kwa sababu kila kitu ndani yake kilijuana: injini na gia, springi na matope, breki na dereva.

Hapo kwenye breki ndipo uhakiki huu unapoacha kuwa suala la ladha. Gari likitoka mwendo wa 80 kwenda 100, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Namba hiyo haijali mlio. Tangu lami ya Babati hadi Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018, barabara inakaribisha mguu mzito, na pembeni yake kuna watoto wa shule, bodaboda na ng'ombe wanaovuka kwa saa zao wenyewe. Nimeona magari yaliyotumia fedha nyingi mbele, chini ya boneti, yakiwa na brekipedi zilizobaki unene wa karatasi na matairi yaliyong'aa kama kipara. Kazi hiyo siwezi kuiita nusu nzuri. Riwaya yenye mwanzo mtamu na mwisho mbovu bado unaweza kuirudisha kwenye rafu, na aliyeisoma akarudi nyumbani.

Ninachokiomba kwa mafundi wa mji huu ni kidogo: namba kabla ya kazi, namba baada ya kazi. Mgandamizo kabla na baada. Muda wa kuupanda mlima uleule, mzigo uleule, dereva yuleyule. Lita ngapi kwenda Arusha na kurudi. Ninachokiomba kwa wateja ni kidogo zaidi: sikiliza kazi ikiwa mlimani na abiria saba, madirisha yamefungwa, redio imezimwa. Kama gari linapanda na watu ndani wanaendelea kuzungumza kwa sauti ya kawaida, mlipe fundi wako, na muongezee ya soda.